Neva ya Kiwiko Mpakani: Tupime Nguvu Kabla ya Kutuliza Maumivu

Ganzi ya kidole cha mwisho ni malalamiko yanayopuuzwa kirahisi. Haimlazi mtu kitandani, haitoi damu, na mara nyingi hupungua mchana kazi inapochanganya. Dereva wa trela aliye kwenye foleni ya Malaba hukunjua mkono, akautikisa, ganzi ikaachia, na safari ikaendelea. Fundi cherehani wa mtaa wa Burumba, Busia, hulaumu baridi ya usiku. Anayeamua kutafuta tiba huanzia kwenye duka la dawa, na huko swali la kwanza ni kama mkono unauma na unauma kiasi gani. Kwa neva iliyobanwa kiwikoni, swali hilo ndilo lenye msaada mdogo kuliko yote. La kuulizwa ni kama nguvu ya vidole imepungua, na kama imepungua, tangu lini. Maumivu yanaweza kuvumiliwa wiki kadhaa bila hasara kubwa, lakini nguvu inayopotea inahesabiwa siku. Ujuzi wa kuipima nguvu hiyo bila mashine yoyote uko hapa hapa tangu miaka ya 1950, pale Alupe, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba. Kosa letu ni kuuacha ujuzi huo ubaki mali ya ugonjwa mmoja, ukoma.

Neva inayozungumziwa hutoka shingoni, hushuka kwa ndani ya mkono, na ikifika kiwikoni hupita nyuma ya kile kifundo cha mfupa kilicho upande wa mwili. Ndipo pale ambapo ukijigonga kwenye ukingo wa meza mkono mzima hupigwa na shoti ya umeme. Mahali pengine neva hii imefunikwa na nyama, lakini hapo ina ngozi tu juu yake na mfupa chini yake, na inapita kwenye njia nyembamba iliyofunikwa na utepe wa tishu ngumu. Kiwiko kikinyooka, njia ina nafasi. Kikikunjwa, utepe unakaza, njia inabana, na neva yenyewe inavutwa kuzunguka mfupa. Mtu akikaa hivyo dakika chache hakuna neno. Akilala usiku kucha mkono ukiwa umekunjwa chini ya kichwa, na kesho yake tena, damu inayolisha neva inapungua na ala inayozifunika nyuzi zake inaanza kuharibika. Dalili hufuata mpangilio ule ule: ganzi kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kile kinachofuata, kisha udhaifu wa misuli midogo ya kiganja ambayo karibu yote inategemea neva hii. Ndiyo misuli inayotanua vidole, inayogeuza ufunguo, inayofunga vifungo vya shati na kuhesabu noti.

Mpaka wa Kenya na Uganda, kwenye miji ya Busia na Malaba, una kazi nyingi zinazokikunja kiwiko au kukikandamiza. Madereva wa malori huegemeza kiwiko kwenye ukingo wa dirisha kwa kilomita mia kadhaa kutoka Mombasa, kisha hulala kwenye kebini wamejikunja wakingoja karatasi zao zipite. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, kilipunguza kungoja huko, lakini mwaka 2020 kupimwa kwa madereva wakati wa korona kulirudisha foleni ya makumi ya kilomita nyuma ya Malaba. Foleni huzungumzwa kwa hasara ya mizigo inayooza na shilingi zinazopotea, na viwiko vya wanaongoja havimo kwenye hesabu. Kuna mafundi cherehani, kuna mawakala wanaoshika simu sikioni saa nzima kwa mkono mmoja, na kuna wafanyabiashara wenye ulemavu wa miguu ambao kwa miongo kadhaa wamevusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Hawa wa mwisho wananigusa zaidi, kwa sababu mikono ndiyo miguu yao. Mwingine akipoteza nguvu ya kiganja kimoja anapunguza kazi, wao wanapoteza mwendo. Waendesha baiskeli za kawaida wanaoegemea usukani kwa kiganja wana hatari ya jirani: neva hiyo hiyo hubanwa kwenye kifundo cha mkono, na tiba ya kiwiko haitawafaa.

Haraka ya kupima nguvu inatokana na mwendo wa neva yenyewe. Uzi wa neva uliokufa huota upya kutoka mahali ulipoumia kwenda chini kwa kasi ya karibu milimita moja kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi misuli iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa mtu mzima, ni karibu sentimita 30, yaani siku 300, na hapo tunachukulia kwamba kila kitu kimekwenda vizuri. Msuli uliokosa neva nao haungoji milele. Baada ya takribani mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hugeuka kuwa mafuta na kovu, na neva ikifika inakuta hakuna wa kuipokea. Kwa hiyo mwenye misuli iliyokwisha kunyauka, ambaye ameshapitisha mwaka akimeza vidonge, anaweza kupasuliwa na daktari bora wa Nairobi au Kampala, ganzi ikapungua, na bado kiganja kisirudi. Hesabu hii ni kali zaidi kwa kiwiko kuliko kwa kifundo cha mkono, ambako neva nyingine hubanwa karibu kabisa na misuli inayoihudumia. Ni kweli kwamba mbano mwingi huharibu kwanza ala ya uzi na kuuacha uzi wenyewe ukiwa hai, na ala hujijenga upya ndani ya wiki au miezi. Hilo ni sababu ya matumaini kwa anayewahi, na halimsaidii aliyekawia.

Alupe inaingia hapa. Kituo cha Utafiti wa Ukoma cha Afrika Mashariki kilijengwa hapo enzi za ukoloni na kupewa jina la kumbukumbu ya John Lowe, daktari aliyefanya kazi ya msingi ya kutibu ukoma kwa dapsoni kule Uzuakoli, Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye kituo kilichukuliwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa 1979. Ukoma hushambulia neva za nje nje, kwenye sehemu za mwili zenye baridi kidogo, na neva ya kiwiko ni miongoni mwa zile unazozipenda zaidi. Juu kidogo ya kiwiko neva hunenepa hadi kuhisiwa kwa kidole kama kamba, kidole cha mwisho hupoteza hisia, kisha vidole viwili vya kando hukunjamana na kuwa kama kucha za ndege. Mkono huo uliokuja kuwa alama ya ukoma machoni pa watu ni mkono wa neva ya kiwiko iliyokufa. Mbano wa kawaida ukiachwa ufike mwisho hutengeneza umbo hilo hilo.

Walioutibu ukoma walijifunza mapema kwamba hawawezi kungoja mgonjwa alalamike, kwa sababu neva ya mkoma mara nyingi hufa kimya. Wakabuni utaratibu wa kupima kila mgonjwa kila anapokuja. Kwa hisia, huguswa kwa ncha ya kalamu au uzi maalumu mahali palepale kwenye kiganja, macho yakiwa yamefumbwa. Kwa nguvu, huambiwa akiondoe kidole cha mwisho mbali na wenzake huku mpimaji akikisukuma kurudi, na jibu huandikwa kwa tarakimu. Tarakimu ikishuka kati ya ziara mbili, tiba ya neva inaanza hata kama mgonjwa anasema hana maumivu. Kipimo kingine kinatoka kwa Jules Froment, daktari wa Lyon, Ufaransa, aliyekieleza 1915 akitumia gazeti. Mgonjwa hushika karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, na mpimaji huivuta. Mwenye neva nzima hushika kwa gumba lililonyooka. Mwenye neva dhaifu hulazimika kulikunja gumba kwenye kifundo cha ncha ili karatasi isiponyoke. Busia, penye noti mkononi mwa kila mtu, haikosi karatasi ya kupimia. Tabibu wa zahanati anaweza kufanya yote haya chini ya dakika tano, na mpimaji wa pili, mwezi unaofuata, akailinganisha tarakimu yake na ya kwanza.

Kupima kwa namna hii kunaleta faida ya pili, na katika ukanda huu ni kubwa kuliko ya kwanza. Magonjwa mawili yanayoonekana sawa kwenye kidole yanahitaji tiba zinazopingana. Neva ya mkoma iliyopoteza nguvu ndani ya miezi sita iliyopita hutibiwa kwa vidonge vya prednisoloni kwa wiki 20 hivi, pamoja na dawa za ukoma, na wengi hurudishiwa sehemu ya nguvu zao. Neva iliyobanwa tu haipati faida kwa dawa hizo. Watafiti wa Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa 2015, waliwadunga baadhi ya wagonjwa dawa ya jamii hiyo karibu na neva ya kiwiko na wengine sindano ya uongo isiyo na dawa hiyo, na hawakuona tofauti. Anayemdunga kila mwenye ganzi, kwa hiyo, anamtoza mmoja kwa kitu kisichofanya kazi, na anayempa kila mwenye ganzi vitamini anamwacha mwingine apoteze miezi sita yake ya pekee. Tofauti huonekana kwa kutazama na kugusa: mabaka ya ngozi yasiyosikia, neva nyingine zilizonenepa shingoni au nyuma ya goti, majeraha ya moto ambayo mtu hakuyahisi. Na ganzi ikiwa kwenye miguu yote miwili pia, mawazo yatoke kiwikoni yaende kwenye kisukari, pombe, virusi vya Ukimwi, au dawa ya kuzuia kifua kikuu iitwayo isoniazidi inapotumiwa bila vitamini B6. Hapo vitamini ina kazi yake halali.

Watakaopinga watasema ukoma umekwisha Kenya, na kuutaja kwa kila mwenye ganzi ni kuamsha hofu bure. Ni kweli kwamba Kenya ilishuka chini ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha kuuhesabu ukoma kuwa tatizo la afya ya umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwamba mwenye ganzi ya kiwiko leo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mbano kuliko ukoma. Lakini wagonjwa wapya hugunduliwa nchini hadi leo, na magharibi ni mojawapo ya sehemu wanakotoka. Uadimu wa ugonjwa ndio unaofanya tabibu kijana asiutambue, na ndiyo maana mgonjwa hufika akiwa na kiganja kilichokwisha kukunjamana. Kuhusu hofu, nina jibu moja. Unyanyapaa wa ukoma hulishwa na ulemavu unaoonekana, na ulemavu huzuiwa na kupimwa mapema. Dawa mchanganyiko, zilizopendekezwa kimataifa 1981 na zinazotolewa bure, hutibu kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa huacha kuambukiza mapema sana baada ya kuanza kuzimeza. Tabibu hana haja ya kumtajia ukoma mtu asiye na dalili zake. Anatakiwa kumpapasa kiwiko na kumtazama ngozi.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Unamwambia dereva asikunje kiwiko, fundi asishone, mwenye baiskeli ya mikono asiipige, halafu nani atalipa kodi ya nyumba Burumba? Hapa ushahidi una habari njema ambayo haijulikani vya kutosha. Watafiti wa Sweden walichapisha 2009 jaribio lililowahusisha wagonjwa 70 wenye mbano mwepesi na wa wastani. Kundi moja lilipewa banzi la kuvaa usiku, la pili mazoezi ya kuitelezesha neva, la tatu halikupewa chochote ila maelezo: neva inapita wapi, nini huibana, mikao gani iepukwe. Baada ya miezi 6, karibu tisa kati ya kila kumi wa waliofuatiliwa hadi mwisho walikuwa wamepata nafuu, na banzi wala mazoezi hayakuongeza kitu juu ya maelezo. Nalichukulia jaribio hili kuwa la thamani kubwa kwetu kuliko kwa Waswidi wenyewe. Linasema kwamba tiba ya kwanza ni mazungumzo mazuri, na mazungumzo hayo yanaweza kufanywa kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia au Kikhayo, katika zahanati isiyo na umeme.

Yaliyomo kwenye mazungumzo hayo hayamkatazi mtu kazi. Dereva aondoe kiwiko dirishani na ashike usukani chini zaidi, mikono ikiwa imenyooka kidogo, na kwenye foleni akilala azungushie kiwiko taulo ili kisikunjike. Wakala ahamishie simu mkono wa pili au atumie spika za masikio. Fundi apandishe kiti ili mikono ishuke kuelekea mashine, na asiegemeze kiwiko kwenye mbao tupu. Mwenye baiskeli ya mikono ndiye mgumu, na sitaki kudanganya kwamba kuna ushauri wa kumtosha. Kusogeza kiti ili mkono usikunjwe kupita kiasi kila mzunguko kunasaidia, lakini anahitaji kupimwa mara nyingi kuliko wengine. Kukandwa kwa nguvu juu ya kiwiko kuachwe kabisa, kwani ni kuiongezea mgandamizo neva ambayo tayari inalia kwa mgandamizo.

Lakini takwimu hiyo ya Sweden inaweza kugeuzwa kuwa mto wa kulalia. Kama tisa kati ya kumi wanapona kwa maneno, mtu atauliza, kwa nini tuhangaike na vipimo na rufaa? Kwa sababu walioingia kwenye jaribio walichaguliwa kwa wepesi wa ugonjwa wao. Ambaye kidole chake hakitanuki tena, au ambaye pana bonde kati ya gumba na kidole cha shahada, hakuwa miongoni mwao, na ahadi yao haimhusu. Kupima nguvu ndiko kunakotenganisha makundi haya mawili. Tarakimu ikibaki kamili, mgonjwa aelezwe, arudi baada ya wiki sita, apimwe tena. Ikishuka, au ikiwa ilikuwa chini tangu siku ya kwanza, maelezo peke yake hayatoshi tena na njia ni ya upasuaji au, kwa mwenye dalili za ukoma, ya prednisoloni.

Wapo pia wanaodhani hakuna linaloweza kuamuliwa bila mashine ya kupima mwendo wa umeme kwenye neva, ambayo hupatikana zaidi kwenye miji mikubwa. Mashine hiyo ina faida: hutofautisha mbano wa kiwiko na wa shingo, na hutoa kipimo cha kulinganishia kabla ya kupasua. Lakini hakuna faida ya kumngojesha mtu anayepoteza nguvu kwa miezi mitatu kwa sababu nauli ya Kisumu au Eldoret haijapatikana. Na upasuaji wenyewe si wa kutisha kama wengi wanavyouwazia. Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba ni lazima neva ihamishwe kutoka nyuma ya mfupa iwekwe mbele. Mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya majaribio kutoka nchi mbalimbali, yaliona kwamba kuikata ile njia nyembamba tu kunaleta matokeo sawa na kuihamisha, na kuhamisha kuliambatana na maambukizi zaidi ya kidonda. Kwa kiwiko kisicho na ulemavu wa mfupa, basi, operesheni ndogo ndiyo ya kuanza nayo, na hospitali ya rufaa ya kaunti yenye daktari wa upasuaji aliyefunzwa haina sababu ya kuiona kuwa nje ya uwezo wake. Mgonjwa wa mpakani ana jambo jingine la kuangalia: anayetibiwa mara Busia, mara Tororo, abebe daftari lake lenye tarakimu za nguvu ya vidole, maana bila hizo kila daktari anaanza upya na kila mmoja anaona mkono wa siku moja tu.

Ulemavu wa mfupa niliouacha kando una asili yake utotoni. Mtoto akianguka kutoka mwembe na kuvunjika upande wa nje wa kiwiko, mfupa usipoungana vizuri mkono hukua ukipinda nje, na neva huvutwa kidogo kidogo kwa miaka. Ganzi inaweza kutokea miaka 20 au 30 baadaye, mwenyewe akiwa ameshasahau alivyoanguka. Hali hii ilielezwa Ufaransa na Panas mnamo 1878. Wafunga mifupa wetu wana heshima yao kwa mivunjiko mingi, lakini kiwiko cha mtoto wakipeleke hospitali kikapigwe picha.

Kwa waliochelewa kuna njia iliyobaki, nayo pia ilitoka kwenye ukoma. Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwishoni mwa miaka ya 1940, alionyesha kwamba kano la msuli wenye neva nzima linaweza kuhamishwa lifanye kazi ya msuli uliokufa, vidole vilivyokunjamana vikafunguka na mkono ukashika tena. Operesheni hiyo haijali kama neva iliuawa na bakteria au na ukingo wa dirisha la lori, ingawa wa kwanza ndiye aliyejengewa hospitali na wa pili huambiwa hakuna la kufanya. Inataka viungo vya vidole viwe laini, hivyo mwenye kiganja kilichokwisha kulemaa afundishwe kuvinyoosha vidole kila siku kwa mkono wa pili tangu siku anapogunduliwa. Dereva na kibarua wa upande wa Kenya wajue pia kwamba Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inatambua magonjwa yanayotokana na kazi, na kwamba dai la aina hiyo husimama juu ya maandishi: tarehe ganzi ilipoanza, kazi iliyofanywa, na tarakimu ya nguvu iliyoandikwa na tabibu aliyempima mara ya kwanza.